Ndoo Nyuma ya Kitanda

Zimeni simu, wanangu, msogee, maana sauti niliyobaki nayo ni ndogo na sitaki neno hata moja lipotelee kwenye honi za teksi huko chini. Onesmo, toka hapo mlangoni, hakuna anayekufukuza. Tabia, acha kukunja kanga ile ile. Tangu asubuhi mmeketi mmoja huku na mmoja kule, mkinitumia mimi kama posta: mama, mwambie afunge dirisha, mama, mwambie asogeze kiti. Posta inafungwa, wanangu. Nikishaondoka, nani atawapelekea maneno?

Mnaisikia hiyo ndoo nyuma ya kitanda inavyopumua? Hiyo ndiyo bia yangu ya mwisho. Niliipika miguu ikiwa bado inanibeba, na Chloé, yule fundi cherehani wa chini, alinishikia sufuria huku akicheka: "Mama Onesmo, wagonjwa wengine wanaomba uji, weye unapika bia." Nikamjibu kwamba kazi ninayoitaka, uji hauiwezi. Sufuria ile kubwa ni yake, mrudishieni, na mumshukuru kwa mdomo wangu.

Bia hii ya kahawia ilikuja na baba yenu Vusumuzi, aliyejifunza kuipika uhamishoni, katika nchi ya baridi, kabla hajatumwa na chama chake Morogoro akanikuta mimi. Aliporudi kwao nikamfuata, tukafika hapa Yeoville hatuna kazi wala jamaa wa kutupokea, na yeye akachukua kimea cha shayiri akakikaanga kwa pupa kikaungua. Mimi niliyekaanga karanga tangu utotoni nilimwonyesha kwamba rangi haikimbizwi. Unakoroga kwa moto mdogo mpaka jiko linukie kama ukoko wa ugali, hapo unaepua. Sufuria hiyo ndiyo iliyowavika yunifomu za shule, nyote wawili, hata wewe Tabia unayeziba pua ukipita.

Na siku tuliyomzika baba yenu mnaijua. Desturi ya watu wake ni kwamba wazee waliotangulia humwagiwa chini pombe iliyopikwa na nyumba yenyewe, si ya kununuliwa. Mimi nilikuwa nimelala kwa uchungu, nikawaambia muitie kwenye chupa ninyi. Tabia ukasema aliyeokoka hashiki pombe, ukatoka. Onesmo ukakasirika, ukaenda dukani ukarudi na makreti ya bia, ukayapanga mbele ya baba zako wadogo, nao wakaulizana kwa sauti, kwani nyumba hii haina watoto? Hapo uani mkatupiana maneno. Wewe Onesmo ukamwambia amekula pombe akashiba na sasa anaitemea mate. Wewe Tabia ukamwambia amemzika baba kama mlevi. Tangu hapo mnapishana kwenye ngazi zangu kama wapangaji.

Wahenga walisema ndugu wakigombana chukua jembe ukalime, wakipatana chukua kapu ukavune. Mimi nimelima, wanangu, nimelima mpaka mikono imeisha. Nionyesheni basi hilo kapu kabla macho hayajafumba.

Nyumba hii naiacha kwenu wawili, na asiiuze mmoja bila mwenziwe. Koti la baba yenu ni la Onesmo. Vitenge vyangu ni vya Tabia. Nizikeni pembeni ya baba yenu huko Soweto, msihangaike na ndege ya kunipeleka Morogoro. Hayo ni mepesi, hata jirani angeyatimiza. Zito ni hiyo ndoo.

Msiitie bia kwenye chupa kabla povu halijaisha na ndoo haijanyamaza, chupa zitapasuka. Tabia, unakumbuka ulivyoziba tundu la mfuniko kwa matambara ili mchungaji asisikie harufu? Alipoanza kukemea pepo, ndoo ikamjibu, mfuniko ukaruka mpaka darini. Cheka, mwanangu, hata mimi nilicheka, ingawa doa lile halijatoka. Basi ngojeni inyamaze. Na najua itanyamaza mimi nimeshatangulia, ndiyo maana nawasumbua leo.

Kazi ya kujaza chupa haifanywi na mtu mmoja. Mimi na baba yenu tuliifanya pamoja hata siku tulizonuniana. Mmoja anasimama juu, anashika mpira wa kupitishia bia ndani ya ndoo usiguse mashapo. Mwingine anachuchumaa chini na chupa. Wa juu haioni chupa. Wa chini hafikii ndoo. Wa chini asiposema "tosha", wa juu hajui abane saa ngapi, na bia yote inakwenda sakafuni. Onesmo, wewe ndiye mkubwa, kwa hiyo wewe utachuchumaa, na suruali yako ya gharama ya Sandton. Tabia, utasimama. Sikuombi unywe, mwanangu, Mungu wako namheshimu. Nakuomba ushike mpira tu. Siku yangu ya arobaini wapelekeeni baba zenu wadogo chupa hizo, waone kwamba nyumba hii ina watoto.

Hapana, msiniitikie kwa kichwa. Kichwa mliniitikia na siku ile ya mazishi. Leteni ndoo nyingine, ya maji, ipandisheni kwenye meza, mjaribu sasa hivi mbele yangu. Chukueni mpira na chupa. Nataka nisikie.

Mungu awape nyumba yenye sauti. Watoto wenu wasije wakapishana kama ninyi. Mkila, mle sahani moja. Mkiumwa, mmoja awe... awe kichwani pa mwenziwe. Niinue kidogo mto, Tabia. Basi. Nenda kashike.

Maji yanamwagika. Nayasikia yakigonga sakafu. Onesmo, chupa imejaa, si unaiona? Sema. Neno moja tu, babangu, halitakuvunja jino. Tabia, usibane. Usimsaidie, mpaka aseme. Acha yamwagike, yafike kwa Chloé huko chini, sijali... Mwanangu, mimi sina siku nyingine. Sina. Nakuomba kama mtoto anavyoomba.

Eh?

Sikusikia vizuri, masikio haya yanakwenda mbali. Rudia. Mtaje jina lake kwanza, halafu useme.

Ndiyo. Hivyo hivyo.

Sasa wewe, Tabia... mjibu.