Aliyeishika Ngazi

Wasikilizaji wapendwa, mlio mjini na mlio kando ya Lualaba, habari za jioni. Punguzeni kidogo kelele za sufuria. Leo ninamkumbuka Sumaili, fundi umeme wa hapa Kindu. Tulimzika Ijumaa iliyopita, kule mtaa wa Kasuku. Niwaambie mapema, leo sina maneno matamu. Anayetaka utamu, sukari iko dukani.

Sumaili alijifunza kazi bandarini, kwenye karakana ya meli. Alianza kwa kufagia, akaishia kuvuta nyaya. Vidole vyake vilijaa makovu ya kuungua, na aliyaonyesha kwa maringo, kama wengine wanavyoonyesha medali. Alikuwa mtu wa utani. Akiingia nyumba isiyo na umeme, aliuliza, "Hapa munalalaka saa moja na kuku?" Alimuoa Riziki, binti wa kutoka Lokandu. Kaka mkubwa wa Riziki anaitwa Kitenge. Lishikeni jina hilo.

Kitenge alikuwa zamu, mlinzi wa mchana, nyumbani kwa mkurugenzi wa kampuni moja ya pamba. Kazi yake ilikuwa mlango wa gereji. Mlango wa chuma, mzito. Gari likipiga honi, Kitenge anakimbia kuunyanyua. Gari likiingia, anaushusha. Ndivyo alivyolisha watoto wake.

Mwaka wa hamsini na tano, mkurugenzi akaagiza mashine kutoka Ulaya. Mashine ya umeme ya kufungua na kufunga mlango. Akaitwa Sumaili aifunge. Mnaiona shida yake, wasikilizaji? Shemeji yake anaishi kwa mlango ule, na yeye ndiye anayeitwa kuufanya usihitaji mtu. Kwetu, kaka wa mke wako humtoi tonge mdomoni. Na kumkatalia mzungu kazi, mnajua wenyewe kulivyo.

Ndani ya sanduku mlikuwa na mota, vitufe viwili na taa moja nyekundu. Kitufe kimoja ni cha kufungwa kando ya mlango. Cha pili, chenye waya mrefu, ni cha kufungwa ndani ya nyumba. Taa ni ya kuonya, inawaka kabla mlango haujasogea. Sumaili alifunga mota. Alifunga kitufe cha nguzoni, kando ya mlango. Alifunga taa juu yake. Ule waya mrefu akaukunja pamoja na kitufe chake, akauficha juu ya mbao za paa. Akamwambia mkurugenzi kwamba waya haukufika kutoka Ulaya.

Alidanganya. Ninalisema wazi kwa sababu yeye mwenyewe hakulikana. Alidanganya ili mlango uendelee kuhitaji mtu wa kusimama pale na kubonyeza. Mtu huyo ni Kitenge. Riziki anakumbuka mumewe alirudi nyumbani akicheka. "Alisema, yaya yako sasa iko shofa wa mulango." Yaani, kaka yako sasa ni dereva wa mlango.

Kisha akamfundisha shemeji yake. Simama mahali unapouona mlango wote. Usibonyeze kama kuna mtu chini yake. Na ukiwa chini yake wewe, tazama taa. Taa ikiwaka, toka. Kitenge alilishika somo hilo vizuri. Alivaa kofia safi, akabonyeza kitufe chake, na majirani walikuja kumtazama.

Hapo ndipo alipokuja mgeni. Mzungu wa migodini, kutoka Punia, rafiki wa mkurugenzi. Jumapili moja, baada ya chakula na bia, alichungulia darini akauona ule waya. Akaomba ngazi. Akajifungia kitufe cha pili mwenyewe, kwenye ukuta wa chumba cha kulia. Alikosa mahali pa kuunganishia, basi akaitoa taa, akatumia nafasi yake. Wakafurahi wote mle ndani. Jumatatu mgeni akarudi Punia.

Jumanne, Kitenge alikuwa amechuchumaa kizingitini, anatoa mchanga kwenye mfereji. Madamu, mke wa mkurugenzi, alikuwa mezani. Kutoka pale mezani mlango hauonekani. Akabonyeza. Taa haikuwaka. Mlango ulishuka juu ya mkono wa kulia wa Kitenge, ukaponda mfupa.

Lazima apatikane mwenye kosa. Mkurugenzi alisema mbele ya hakimu kwamba nyaya zile ziliguswa na Sumaili peke yake, hata kitufe cha pili alirudi kukifunga yeye. Akasema pia kwamba Sumaili ni mwongo, aliuficha waya. Hilo lilikuwa kweli, na ndilo lililommaliza. Akaitwa Kitenge, mkono kwenye bandeji. Hakimu akamuuliza: kuna mtu mwingine aliyegusa nyaya?

Kitenge akajibu, "Mimi niko zamu tu. Sikuona muntu."

Sumaili hakumbishia. Kaka wa mke humbishii mbele za watu, na yeye alizishika adabu zetu hata pale zilipomchimbia kaburi. Akafungwa. Wazee wa Lokandu wakakaa baraza, wakasema Riziki hawezi kulala kwa mtu aliyemlemaza kaka yake. Wakaja kumchukua. Kitenge alikuwepo barazani. Alinyamaza.

Sumaili alipotoka gerezani, hakuna aliyemwita kuvuta hata waya mmoja. Nyinyi hamkumwita. Fundi umeme wa Kindu alikaa kibarazani akiuza tambi za taa za mafuta. Utani ulikwisha. Homa ilipomkuta, alikuwa peke yake ndani.

Matangani nilimwona Riziki, amekuja kwa mtumbwi. Nikamwona Kitenge, mkono umekauka. Baada ya dua alisimama. Nayarudia maneno yake kama nilivyoyasikia.

"Ule muzungu wa Punia njo yeye alifunga ile waya. Ngazi njo mimi niliishika. Bwana mukurugenzi alinisemea, ukinyamaza, kazi yako iko mupaka uzee. Nilikuwa na watoto."

Watu waliinamisha vichwa. Riziki hakulia. Alisema tu, "Yaya, na mimi nilikuwa na bwana." Kisha akaichukua sahani ya wali iliyokuwa mbele ya kaka yake, akairudisha jikoni.

Wasikilizaji wapendwa, tunampa pole Riziki. Tunawapa pole wote wa nyumba ya Sumaili. Mungu amlaze pema. Na sisi tuliobaki, kabla ya kulala, kila mmoja ajiulize ni ngazi ya nani aliyowahi kuishika, akasema hakuona. Mimi roho inaniuma, na sioni aibu kusema hivyo.

Kitenge bado ni zamu kwenye nyumba ile. Baada ya ajali, kile kitufe cha chumba cha kulia kiling'olewa, na taa ikarudishwa mahali pake. Kimebaki kitufe cha nguzoni, kile alichokifunga Sumaili. Kesho asubuhi gari litapiga honi. Kitenge atabonyeza kwa mkono wa kushoto, na taa itawaka.