Santuri Nilizozipiga Pasi

Ndugu zangu wa ikimina, chama chetu cha kuweka akiba, mmenipa nafasi ya kusema, nami nitasema. Mnanijua. Shule niliacha darasa la tatu, lakini nusu ya vijana wa mtaa huu wa Muhima wameoa ndani ya suti zangu.

Vita vilipoanza mwaka wa tisini, Wazungu wengi walirudi kwao, na vitu visivyobebeka wakawaachia wapishi. Mpishi mmoja aliniletea katoni ya santuri na gramafoni yake, nikampa suruali. Ulikuwa muziki unaoitwa roki progresivu, wa vikundi ambavyo hata kwao havijulikani. Wimbo mmoja unakula upande mzima: kinanda, filimbi, kimya, halafu wanaanza upya. Mama jirani yangu anayeuza maharage akauliza, "Kaka, hii ni misa ama ni gari imekwama?"

Mimi niliupenda. Nikasaka kwa wapishi mpaka mtaa wa Niboye. Mwalimu mmoja Mzungu aliyebaki akaniambia nyingine hata Ulaya hazipatikani, na kwamba akirudi kutoka likizo atanunua baadhi. Basi nikauza cherehani yangu, nikachukua mkusanyiko wote wa bwana aliyekuwa anaondoka. Kigali nzima hakuna aliyenifikia.

Ndugu zangu, nawaambia, bati ni adui. Nilizilaza moja juu ya nyingine, juu ya kabati, karibu na mabati. Kiangazi kikaja. Nilipozishusha zilikuwa zimejikunja kama chapati, na sindano inaruka kama panzi.

Sasa fundi nguo akiona kitu kimejikunja hufanya nini? Nikawasha pasi ya mkaa. Nikatandika kitambaa kibichi juu ya ile adimu kuliko zote, nikakandamiza. Kunyooka ilinyooka. Ila mistari yote iliyeyuka, ikawa sahani ya kulia wali.

Nikajifungia. Cherehani sina, santuri sina. Kwenye vikao vyenu sikuja. Yule jirani wa maharage akagonga.

"Wanasema unaumwa."

"Siumwi."

"Basi fungua, tuone hicho usichoumwa."

Akaziangalia. Hakucheka. "Jua lilizikunja polepole," akasema, "wewe unazinyoosha kwa hasira."

Wazo la kuzinyoosha kwa vioo lilikuwa langu, hilo simwachii mtu. Lakini vioo sikuwa navyo. Yeye ndiye aliyewapitia ninyi, nyumba kwa nyumba. Mmoja wenu akang'oa cha dirisha, mwingine akatoa cha kabati lake la mandazi. Tukazibana kati ya vioo, tukaziweka juani zilainike, kisha kivulini chini ya magunia ya maharage mpaka zipoe. Chache zilikataa. Nyingi zilinyooka. Mwalimu aliporudi alizisikiliza, akachukua alizotaka, akalipa, nikanunua cherehani, na leo nashona tena. Zilizobaki ni zangu, na sasa zinasimama wima.

Asante mama wa maharage. Asante wewe wa dirisha, uliyelala na upepo kwa ajili yangu. Ninachowaachia ni hiki: watu wakicheka unachokipenda, usidhani wataicheka na shida yako. Hapa hakuna hata mmoja anayeupenda muziki ule. Vioo mlitoa.