Kufuli la Valerian

Valerian amekufa. Alianguka Jumanne asubuhi chumba cha kubadilishia nguo, buti moja mguuni, la pili mkononi. Daktari amesema ni moyo.

Alikuwa astaafu mwisho wa mwezi huu, baada ya miaka ishirini na sita kiwandani. Leo Jumapili tulikuwa tumfanyie sherehe hapa hapa, ukumbi wa kanisa, huku ugenini Weston. Kamati ya sherehe ndiyo imegeuka kamati ya msiba. Vitenge vya sare vilikuwa vimeshashonwa, vya njano. Tukamuuliza Clementina, mkewe, tufanye nini. Akasema, "Vaeni. Alichagua mwenyewe." Ndiyo maana mnatuona hivi.

Cherono, anayefanya kazi juu kwenye mashine, ndiye aliniambia niandike, maana mimi nilikuwa na Valerian chini, kwenye maji machafu. Mimi si mtu wa kuandika. Naandika ninachojua.

Kiwanda chetu kinatengeneza chipu za kumbukumbu, zile za ndani ya simu na kompyuta. Zinaoshwa kwa dawa kali na maji mengi sana. Maji yale yanashuka kwetu. Tunatia chokaa, uchafu unakaa chini, tunapima. Yakiwa safi tunafungua koki, yanaenda bomba la mji na mwisho ziwani. Yakiwa bado, yanarudi tangini. Tangi likijaa, juu wanasimama. Kazi ni hiyo.

Valerian alianza kwa kufagia. Akapelekwa chini kwa sababu hakuna mwingine aliyetaka kwenda. Kwenye kwaya aliimba besi, na mazoezi aliyafanya kazini, pampu zikinguruma. Alisema pampu ya kushoto inashika sauti kuliko Erick wa kwaya yetu. Erick yuko hapa, anajua ni kweli.

Mke wangu alipokufa, Valerian alikuja na sufuria ya maharage. Akaosha vyombo vilivyokuwa kwenye sinki, akaondoka. Hakuhubiri.

Kule chini kila mtu ana kufuli lake lenye jina. Ukifunga koki kwa kufuli lako, ni wewe tu unafungua. Sheria iliwekwa ili mtu asimfungulie dawa mwenzake anayetengeneza bomba. Valerian aliitumia hata kwa maji. Yakiwa bado, anapiga kufuli, anakaa juu ya ndoo, anamenya chungwa.

Cherono alikuwa anashuka kumchokoza. "Mzee, umetuzimia tena? Wateja wanalia huko."

"Wapelekee hayo maji wanywe, walie vizuri."

Bosi wetu Anverali ni mtoto wa Dar, walielewana. Alikuwa anamwambia, "Mzee Vale, fungua kidogo tu, bwana."

"Njoo ufungue wewe, bosi. Mimi nakushikia koti."

Anverali hakuwahi kuvua koti.

Mwezi wa nne tuliitwa mkutano. Tukaambiwa biashara ni nzuri. Kompyuta za akili bandia zinakula chipu hazishibi, oda zimejaa mpaka mwaka kesho, laini ya pili ya mashine inakuja. Watu wakapiga makofi. Tukaambiwa pia kampuni inalinda mazingira, ikaonyeshwa picha ya Valerian na helmeti, anacheka. Picha hiyo bado iko pale mlangoni. Valerian akaniinamia, akaniuliza, "Tangi la pili umelisikia?" Sikulisikia. Mpaka leo sijalisikia.

Jumatatu maji yalikuwa bado. Yanakuja mengi, hayapewi muda wa kutulia. Akapiga kufuli, akaenda nyumbani. Jumanne akafa. Kufuli likabaki kwenye koki.

Ijumaa tangi likajaa, juu wakasimama. Anverali akashuka na fundi mwenye mkasi wa kukatia chuma. Sheria inaruhusu: mwenye kufuli akifa, bosi anaweza kulikata. Macho yake yalikuwa mekundu, na simu yake haikuacha kuita. Nikapima maji mbele yake. Bado. Nikatoa kufuli langu, nikalifunga kwenye tundu la pembeni la koki ile ile.

"Mutuma, na wewe?"

"Na mimi."

"Unajua wakubwa wataniambia nini?"

"Najua."

Halafu akamwambia fundi, "Kata la marehemu." Likakatwa. Anverali akalichukua, akalitia mfukoni. Akaangalia langu. Fundi akamuuliza, "Na hili?" Akasema, "Mwenyewe yuko hai." Akaniambia niende msibani, Jumatatu tutaongea. Jana kwenye mazishi amekuja kubeba jeneza pamoja nasi. Hatukuongea habari za kazi.

Clementina, asante kwa kutuazima mumeo miaka yote hiyo. Ulikuwa umemngoja mwisho wa mwezi awe wako, asubuhi mpaka jioni. Hukumpata hata siku moja. Nakuombea usingizi, na watu wa kukaa nao, hawa wa leo wakishaondoka. Watoto wako wasikuache upike chakula cha mtu mmoja.

Valerian, ulifanya kazi vizuri. Pumzika.

Maji bado yako tangini. Laini ya pili wanaifungua mwezi ujao. Anverali akiniuliza, nitampimia tena mbele yake. Kesho narudi kazini.