Ya Uchapaji Imegoma

*Risala ya wafanyakazi wa Idara ya Uchapaji kwa Mgeni Rasmi, siku ya kuzindua kompyuta mpya*

Mgeni rasmi, Mkurugenzi Mkuu wa Shirika letu. Bwana Utawala, mwenyeji wako. Wakuu wa idara na wafanyakazi wenzetu.

Kabla hatujaanza, tunakuomba uiweke kando nakala iliyo mezani kwako. Hiyo ni risala iliyopitiwa na Bwana Utawala. Ni nzuri, tumeichapa sisi wenyewe, haina kosa hata la herufi moja, na inasema mambo yetu ni shwari. Hii tunayoisoma ni nyingine. Bwana Utawala, tunakuona unavyopekua karatasi zako, usijisumbue, humo haimo. Na huyu anayesoma ni mjumbe tu, na mjumbe hauawi.

KUKARIBISHA

Mgeni rasmi, karibu sana. Tumekualika mara nyingi, tukajibiwa kwamba una shughuli, na leo umekuja kukata utepe na kubonyeza kitufe cha kompyuta mpya. Tumefagia ukumbi, tumefuta vioo vya madirisha, na kitambaa cha meza yako tumekiazima mapokezi. Juu ya mlango tulitaka kuandika "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Bwana Utawala akasema ina fumbo, tuiondoe. Tumeiondoa mlangoni, lakini fumbo lenyewe bado tunalo.

TULIKOTOKA

Idara hii ilianzia katika chumba kilichokuwa cha kuwekea mifagio, kwa taipureta moja iliyokosa herufi *k*. Aliyekuwa akiijaza hiyo *k* kwa kalamu, ukurasa baada ya ukurasa, ni mwanamke ambaye leo hii ndiye mkuu wa idara yetu. Tunamwita Mama Nukta. Jina hilo alilipata kwa sababu karatasi haitoki mikononi mwake ikiwa na sentensi isiyofungwa. Hata salamu zako za mwaka mpya, mgeni rasmi, zilipokuja tuzichape, alizirudisha makao makuu zikiwa na alama mbili za kalamu nyekundu. Tulimwambia, "Mama, huyo ni Mkurugenzi." Akajibu, "Na hiyo ni koma."

Sasa kuna jambo moja la hapa kwetu ambalo ni lazima ulijue, maana bila hilo hutaelewa kitu. Katika jengo hili tulikuwa na kompyuta tatu za mezani zinazotumika, na hakuna aliyekuwa akitamka neno kompyuta. Tunasema ya mapokezi, ya stoo, ya uchapaji. "Ya stoo leo inachechemea." "Ya mapokezi imepata virusi." Mtu asiyetuzoea hudhani tunabishana juu ya timu za mpira. Sisi tumezoea, na Bwana Utawala naye alikuwa na ofisi humu humu kabla hajahamishiwa ghorofani, kwa hiyo tulidhani anakumbuka.

ASUBUHI YENYEWE

Ilikuwa wiki ya kuchapa mitihani ya shule zote zinazochapiwa na Shirika. Maswali yote yalikuwa ndani ya kompyuta ile ya uchapaji, yamebaki kusomwa mara ya mwisho na kupigwa chapa. Mama Nukta alifika wa kwanza kama kawaida yake, akaning'iniza mkoba, akabonyeza kitufe. Kimya. Hakuna taa, hakuna mvumo wa feni. Akabonyeza tena polepole, akidhani labda ameiudhi. Jana yake jioni ilizimwa ikiwa nzima, na usiku mzima hakuna aliyeigusa.

Akachukua simu, akamwandikia Bwana Utawala, ambaye siku hiyo alikuwa kwenye kikao huko kwenu makao makuu. Aliandika hivi: "Ya uchapaji imegoma tangu asubuhi. Tunaomba aje mtu haraka." Nukta zote mbili zilikuwa mahali pake.

Mgeni rasmi, kompyuta ni *ya*, na idara ni *ya*. Kompyuta *imegoma*, na idara *imegoma*. Lugha yetu imezivalisha sare moja. Mama Nukta alisema mashine imekataa kuwaka. Bwana Utawala akasoma kwamba Idara ya Uchapaji imesusia kazi wiki ya mitihani, na kwamba tunadai mtu aje kusikiliza masharti yetu. Mwaka uliotangulia madereva walikuwa wamegoma kweli, na mtafunwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Hilo tunamwelewa. Tusilolielewa ni kwamba alikuwa na simu mkononi na hakupiga.

Sisi huku tulikuwa tumeizunguka kompyuta. Baba Wino, anayeendesha mtambo wa chapa, alitoa hukumu akiwa bado mlangoni.

"Hiyo imekufa. Tuizike tu."

"Hujapima mapigo ya moyo, unashika jembe," Mama Nukta akamwambia. "Lete birika."

Birika la umeme likachomekwa kwenye soketi ileile. Maji yakachemka, tukajua umeme upo, na chai tukanywa. Tukachomoa waya wa printa tukauweka kwenye kompyuta, isije ikawa waya ndio mbovu. Kimya. Tukatazama swichi ndogo ya nyuma ya kasha, ile ambayo mfagiaji huigusa bila kujua. Ilikuwa imewashwa. Tukachomoa kila kitu, tukashikilia kitufe kwa muda ili umeme uliosalia ndani uishe, tukachomeka upya. Kimya bado. Baba Wino akaomba aruhusiwe kuipiga kofi, akaruhusiwa, na kilichouma ni kiganja chake.

Kilichobaki ni kufungua. Ubavuni mwa kasha kuna karatasi imebandikwa: "Usifungue bila idhini ya Utawala." Mama Nukta akampigia Bwana Utawala kuomba idhini hiyo. Simu ikaita hadi ikakatika. Akapiga tena, safari hii ikakatwa. Kumbe mwenzetu anaamini anapigiwa na kiongozi wa wagomaji, na kikaoni wamemshauri asipokee.

Mama Nukta akaishusha simu, akatutazama. Tulimjua kwa ukali, lakini siku hiyo tuliiona hofu usoni mwake. Alikuwa amebakiza muda mfupi kustaafu, na katika utumishi wake wote hakuwahi kupewa hata onyo la mdomo.

"Mitihani imo humu," akasema. "Watoto wataketi Jumatatu, idhini iwepo isiwepo. Nipeni bisibisi. Kama ni kosa, liwe langu peke yangu."

Alifungua mwenyewe. Ndani mlikuwa na vumbi la kushonea blanketi na harufu ya kitu kilichoungua. Tulinusa mmoja mmoja mpaka tukakubaliana inatoka kwenye kile kisanduku kinachopokea umeme wa ukutani na kuugawa ndani, kile mafundi wanachokiita pawa saplai. Stoo kulikuwa na kompyuta kuukuu iliyopasuka kioo, inasubiri kutupwa. Tukaitoa pawa saplai yake tukaipachika kwenye yetu. Tukawasha, feni ikazunguka, tukashangilia, na skrini ikabaki nyeusi. Hapo ndipo Baba Wino alipotaka tena jembe. Mama Nukta akaweka rula chini ya kila waya, mmoja mmoja, kama anavyosoma karatasi, mpaka akakuta kijiwaya kidogo cha pembeni tulichosahau kukichomeka. Akakichomeka. Taa ya kijani, mvumo, skrini, na mitihani yote ipo. Dada wa mapokezi alilia, naye hata si wa idara yetu.

Ni wakati huohuo mlango ulipofunguliwa. Bwana Utawala, na nyuma yake walinzi wawili tusiowajua.

"Kiongozi wa mgomo ni nani?"

Mama Nukta, bisibisi bado mkononi, alidhani anaulizwa habari za kompyuta.

"Ilikuwa pawa saplai," akasema. "Tumeshaitoa. Tumeweka nyingine kutoka stoo."

"Unanidhihaki?"

"Bwana, mimi nakueleza ilivyokuwa. Imegoma tangu asubuhi, tukaibembeleza, ikakataa. Tumeifungua ndiyo ikakubali."

"Kwa hiyo unakiri mmegoma?"

"Nani kagoma? *Imegoma.*"

Tulijaribu kueleza, sote kwa pamoja, na labda ndiyo sababu hatukusikika. Barua ilikuwa imeshaandikwa makao makuu: Mama Nukta amesimamishwa kazi kwa kuongoza mgomo, asikanyage ndani ya geti mpaka aitwe. Aliisoma yote akiwa amesimama. Kisha akachukua mkoba wake, akatuambia, "Ukurasa wa mwisho haujasomwa. Usomeni vizuri," akatoka katikati ya walinzi wawili kama mwizi wa kuku.

MAFANIKIO

Tuliusoma ukurasa wa mwisho. Tulichapa mitihani yote, tukaifunga, na magari yakaichukua. Jumatatu ile hakuna mtoto aliyeketi mbele ya meza tupu. Mgeni rasmi, wewe mwenyewe ulitusifu kwa jambo hilo kwenye taarifa ya Shirika, na tunakushukuru. Tunakuachia swali moja tu: ni wagomaji wa wapi hao wanaotoa kazi kabla ya siku yake?

CHANGAMOTO

Risala ya mezani inataja changamoto nyingi, viti, feni na choo cha ghorofa ya chini. Ni za kweli, na zitangoja. Hapa tunataja moja.

Ukweli wa neno lile ulipojulikana, tulitegemea barua ifutwe. Haikufutwa. Ikaja ya pili, ikasema Mama Nukta amesimamishwa kwa kufungua mali ya Shirika bila idhini. Kosa la kwanza lilipokufa, likatafutiwa mrithi. Tulikwenda kwa Bwana Utawala, akatupokea vizuri, akatupa viti, akasema maneno ambayo tunayarudia mbele yake ili asahihishe tukikosea: "Mimi najua hakugoma. Lakini barua imeshatoka, na makao makuu hawapendi kuonekana wamekosea."

Barua hiyo ya pili ilichapwa kwenye kompyuta aliyoifufua yeye. Aliyeichapa ni mmoja wetu. Alichoweza kumfanyia Mama ni kuacha makosa yote ya Bwana Utawala kama yalivyo, na yalikuwa mengi.

Tangu siku hiyo Mama Nukta yuko nyumbani. Binti yake anatuambia kila asubuhi anapiga pasi nguo za kazi, anavaa, anaketi sebuleni. Majirani wakimuuliza anasema yuko likizo, na uwongo haumkai mdomoni, kwa hiyo siku hizi hatoki. Sisi tunasikitika. Na zaidi ya kusikitika, mgeni rasmi, tumekasirika, na tumechoka kuificha hasira hiyo ndani ya maneno ya heshima.

OMBI

Kompyuta mpya tumeziona. Ni nzuri, nyembamba, hazina vumbi. Utepe uko tayari na mkasi uko kwenye sinia. Ila tukueleze mapema usije ukaaibika mbele ya wapiga picha: utakapobonyeza kitufe, haitawaka. Usimwite fundi. Soketi ina umeme, swichi ya nyuma imewashwa, pawa saplai ni nzima. Nyaya za umeme tunazo sisi, kila mmoja na wake mfukoni, na ukitazama vizuri utaona mifuko ilivyotuna.

Siku ile hatukugoma. Leo tumegoma. Tunalisema wazi, kwa kiambishi cha watu, ili asitokee tena wa kutusoma vibaya.

Tunajua adhabu yake, tulishaichapa. Mkitaka kutusimamisha sote, mna mamlaka hayo. Lakini barua za kutusimamisha nazo zitataka kuchapwa, na barua ya namna ile katika jengo hili hakuna tena mkono wa kuichapa.

Ombi letu ni dogo kuliko yote uliyowahi kusomewa, halihitaji bajeti wala kikao. Vipaza sauti vya ukumbi huu tumevigeuza tangu asubuhi vitazame nje. Mama Nukta yuko getini, upande wa barabarani, amevaa nguo zake za kazi zilizopigwa pasi, na kila tulichosema amekisikia. Hakutaka kuja, tulimbembeleza. Mlinzi anasema hawezi kumfungulia kwa maneno yetu. Kwa neno lako anaweza. Kipaza sauti hiki kinafika hadi pale, nasi sasa tunakusogezea.

Mwenyezi Mungu akupe afya, akufikishe salama uendako, na ulimi wako asiutie uzito hata kidogo katika dakika hii.

Ni sisi,

Wafanyakazi wa Idara ya Uchapaji, tulio ndani na aliye nje.