Chupa Isiyokuwepo

Mwaka wa 2003 pundamilia bado walikuwa wakipotea hadi kwenye kamba za nguo za Kitengela. Benchi la Ndunge lilikuwa pale lori za simiti zinapopunguza mwendo, na ng'ambo ya barabara palikuwa na baa yenye pazia la shanga mlangoni. Ndunge aliuza kahawa ya tangawizi kutoka birika moja. Birika likiisha, amefunga kazi. Benchi lilibeba watu watatu na uvivu wa watu kumi. Palikuwa na Kinyanjui, broka wa ploti waliyemwita Bikoni, kwa yale mawe ya mpaka anayohamisha. Palikuwa na Saning'o wa duka la dawa za mifugo, waliyemwita Daktari. Na palikuwa na Joram, dereva wa lori, aliyeitwa Breki tangu aache pombe na sigara kwa mpigo mmoja, siku themanini zilizopita. Alasiri hiyo mke wake Jacinta alikuwa anafika kutoka Webuye. Alikuwa ametuma neno moja tu: akinusa pombe, anarudi na basi lilelile.

— Breki, huo mkono umeshika nini? Bikoni akauliza.

Joram akatazama. Mkono wake wa kulia ulikuwa juu ya goti, vidole vinne upande huu, gumba upande ule, na katikati nafasi. Nafasi ya chupa.

— Haki ya Mungu, mimi sijauweka hivyo.

— Si uufungue basi!

Aliufungua kwa mkono wa pili, kidole kimoja kimoja, kama mtu anayekunjua maiti. Ndunge alikuwa ameosha maiti wawili maishani mwake, na hakupenda alichokiona.

— Ni tangu asubuhi, Joram akasema. Sigara sijashika. Hata moshi ya wengine naikimbia. Sasa hii kiu imenijulia wapi?

— Ni moshi ya zamani, Bikoni akasema. Sigara ni sarveya wa kupima ploti. Inaingia ndani ya mtu, inapiga bikoni. Sarveya akienda, bikoni inabaki. Siku moja pombe inakuja na hati yake kujenga.

— Na mwanamke akivuta? Ndunge akauliza.

— Huyo ni ploti ya kona. Inauzwa mara mbili.

— Kama ile uliuzia pasta? Ndunge akamuuliza.

Benchi likacheka. Bikoni akakohoa ndani ya kikombe.

— Wewe unaongea mawe, Daktari akasema. Mimi naongea ng'ombe. Ukimpa ng'ombe magadi alambe, umemwita kwa maji. Hata umfunge, shingo itaangalia mto. Sigara ni hiyo magadi. Ndume akilamba, ni mbio moja mpaka mtoni, anakunywa, anaanguka. Jike analamba kidogo, anaangalia ndama, anatembea polepole. Lakini yeye akifika, hatoki.

— Umewaona wapi? Bikoni akauliza.

— Kajiado yote iko nao. Wengine wanavaa viatu.

Bikoni hakutaka kushindwa na ng'ombe.

— Basi niseme ukweli. Ni Maundu.

Maundu alikuwa mume wa Ndunge. Mahali pale alipokaa Joram ndipo palipokuwa pake. Alivuta na kunywa mpaka walipomwokota amekufa mbele ya pazia lile la shanga.

— Alikufa na kiu, Bikoni akasema. Anatafuta mkono wa kuazima.

Vumbi la lori la mwisho lilikuwa limesimama hewani, bila upepo wa kulisukuma. Ng'ambo, shanga zikagongana.

— Maundu hakuweza kuvuka barabara kurudi huku akiwa hai, Ndunge akasema. Ndio ataweza sasa?

Lakini aliyasema haraka mno.

— Mama, Joram akanong'ona, nisaidie kidogo.

Ndunge akatoa kopo la ugoro, kopo la Maundu, na kifuniko kikalia: tik. Ni yeye aliyemwanzisha, wiki ile ya kwanza, kwa huruma. Mtu aliyeacha moshi apewe kitu pua ishughulike nacho. Joram akanusa, akapiga chafya. Ndunge naye akanusa, kisha papo hapo akameza kikombe kizima cha kahawa ya moto. Alifanya hivyo kila siku kwa miaka kumi na mmoja, tangu amzike Maundu na kuiacha pombe waliyokunywa pamoja. Aliyaita mazoea.

— Sasa, Joram akasema. Sasa ndiyo imekuja. Iko nyuma yangu.

Mkono ulikuwa umepinda tena. Akasimama. Uso wake ulibaki ukiwatazama, lakini miguu ilikuwa imeshaelekea ng'ambo. Bikoni akamshika koti.

— Joram!

Aliyeita alikuwa mwanamke mwenye begi kubwa, amesimama kando ya benchi. Kabla ya salamu, Jacinta alimnusa mumewe mdomo.

— Hujakunywa.

— Sijakunywa, mama watoto.

— Na hiyo nyeusi kwa pua?

— Ni ugoro tu, Mama Ndunge hunipa. Sigara niliacha kabisa.

Jacinta akageukia kopo lililokuwa kiganjani mwa Ndunge.

— Hii imetengenezwa na nini?

Daktari akafungua mdomo. Jibu lilikuwa tumbaku na magadi. Magadi yenyewe Ndunge aliyapata dukani kwake. Akaufunga mdomo. Bikoni akaanza kuangalia lori.

Jacinta alimpangusa mumewe pua kwa ncha ya leso, kwa nguvu, kama anavyopanguswa mtoto. Kisha akachukua ule mkono uliopinda na kuuingizia mpini wa begi. Ukashika. Wakaondoka. Bikoni naye akakumbuka mteja, na Daktari akakumbuka duka.

— Upuzi, Ndunge akaliambia benchi.

Ili aone mwenyewe kwamba ni upuzi, akafungua kopo. Tik. Akanusa, akainua birika. Yakatoka matone mawili na makapi ya tangawizi.

Kwa miaka kumi na mmoja hakuwahi kungoja kinachokuja kati ya ugoro na kahawa. Sasa alikaa akangoja. Kilikuja polepole, kikigeuka nyuma, kikija tena. Ng'ambo, shanga zilikuwa zimetulia kabisa, kama pazia linaloshikiliwa na mtu.

Ndunge akatazama goti lake. Vidole vinne upande huu, gumba upande ule. Na ile nafasi ya katikati ilikuwa baridi.