Koti la Injini

Benchi lenyewe ni ubao mrefu uliolazwa juu ya matofali, upande wa kivuli, mkabala na geti la stendi ya mabasi. Tangu barabara ichimbuliwe nusu na kuachwa hivyo, magari mahali hapo hayaendi, yanasogea. Na siku nyingine hata kusogea yanaona uvivu. Wakaao benchini wanajulikana. Yupo Overloki, fundi cherehani, ambaye mdomo wake una kasi kuliko mashine yake. Yupo Koki, fundi bomba, anayeamini hakuna tatizo duniani lisilotibiwa na maji. Yupo Muhuri, mstaafu aliyegonga mihuri ofisini miaka thelathini na moja, na mpaka leo akimaliza hoja hupiga ngumi juu ya ubao kana kwamba ameipitisha. Na yupo Birika, mwendesha pikipiki, aliyepewa jina hilo kwa sababu chombo chake kikikaa kwenye foleni dakika kumi huchemka utadhani kinasubiri majani ya chai. Siku hiyo Birika hakuwa na mzaha. Saa kumi alasiri mama mkwe wake angeshuka stendi, na ilikuwa saa tisa.

— Hebu rudia, Koki akamwambia. Mara ile alishuka au alianguka?

— Alishuka, alisema Birika. Foleni imesimama pale mzunguko, nikasikia siti imekuwa nyepesi. Nageuka, mama hayupo. Natazama mbele, namwona anapita katikati ya magari, kapu kichwani.

— Hakukuaga?

— Angenisema ningepata nafuu. Nafika nyumbani ameshaoga, ameshakunywa chai, ananiambia, pole na safari, mwanangu.

Ubao mzima ulitikisika kwa kicheko. Hata muuza kahawa wa pale benchini, ambaye huwa hacheki saa za kazi, aligeukia ukutani mabega yakimruka.

— Chekeni tu, Birika akasema, naye ni mwepesi wa hasira. Nyinyi wake zenu hawana mimba ya miezi minane. Wangu nesi amemwambia alale, asinyanyue hata sufuria, na anayemtaka kando yake ni mama yake tu. Naye mama ametuma salamu. Atapanda pikipiki yangu mara moja ya mwisho. Injini ikimbabua tena shavu la mguu, anageuza na basi la jioni, na mwanawe atajifungua na majirani.

— Si umchukulie teksi, alisema muuza kahawa.

— Teksi haitakaa kwenye foleni hiyohiyo? Halafu mimi, mtu wa pikipiki, nimkodie mama mkwe teksi? Wewe mgeni wako ungempeleka kunywa kahawa kwa mwenzako?

Muuza kahawa alifikiri, akakubali kwamba hapana.

Hapo Overloki akajikohoza, akavuta mfuko wa rambo kutoka chini ya benchi.

— Ndiyo maana jana sikushona nguo ya mtu, alisema. Nimemshonea huyu.

Akatoa koti. Nje turubai la kijani, ndani sponji la godoro, katikati zipu, na ubavuni mfuko wenye kifungo.

— Mfuko wa nini? aliuliza Koki.

— Koti bila mfuko ni gunia.

Wakaivalisha injini. Liliingia sawasawa, zipu ikapanda bila kugoma. Muhuri akasema jambo halikubaliwi kabla ya kujaribiwa, basi Birika akapiga kiki, akaiacha pikipiki iungurume palepale kando ya benchi, mfano wa foleni. Baada ya dakika tano Overloki aliweka kiganja juu ya turubai, akageuza uso kama bwana harusi anayepigwa picha.

— Baridi. Mama mkwe anaweza kuegemea akasinzia.

— Naomba kahawa ya fundi, alisema Birika, na moyo wake ulikuwa umeanza kushuka mahali pake.

Kahawa haijafika nusu ya kikombe, Muhuri akainua pua.

— Nani anachoma godoro?

Moshi ulikuwa unatoka mfukoni. Ulitoka taratibu, kwa adabu, kupitia tundu la kifungo. Birika alirukia zipu, ikamuunguza vidole, akatupa koti barabarani na kulikanyagakanyaga huku Koki akilimwagia maji ya kuoshea vikombe.

— Umeipika pikipiki yangu, Overloki.

— Usinilaumu mimi. Nilipompima alikuwa amezimwa. Amewaka, amenenepa.

— Injini inanenepa?

— Wewe ukiona joto huvimbi miguu?

Pikipiki iliendelea kuunguruma kando yao, nao wakaendelea kubishana kwa sauti ya kuishinda.

— Mliacha maji mkakimbilia vitambaa, alisema Koki. Sikilizeni. Chupa ya maji inafungwa juu ya tangi. Mdomoni nafunga koki ndogo. Tone moja, injini. Tone moja, injini. Kutwa nzima.

— Na mvuke unakwenda wapi? aliuliza Muhuri.

— Unapanda.

— Unapanda kwa mama mkwe. Birika hakutaka abiria wa kufukizwa.

— Basi angalau mafua yatamtoka.

Birika alitazama saa. Saa tisa na nusu ilishapita. Alijiona akitafuta msaada kwa watu ambao, kwa siku ya kawaida, asingewaamini hata kumshikia kofia ya kuendeshea. Lakini hakuwa na wengine.

Muhuri akapandisha mguu juu ya mguu.

— Tatizo lenu hamjakaa ofisini. Joto halina ubaya, ubaya ni mwelekeo. Meza yangu ilikuwa karibu na dirisha la jua. Nikaigeuza meza, nikalipa jua mgongo, nikafanya kazi miaka minane bila jasho. Mama naye ageuzwe. Akae akitazama nyuma.

— Miguu je? Miguu si itabaki palepale?

— Miguu ainyanyue.

— Aiweke wapi?

Muhuri aliipima pikipiki kwa macho.

— Basi asigeuke. Akae kawaida, aiweke mabegani kwako.

Birika aliweka kikombe chini polepole.

— Mzee. Huyo ni mama mkwe wangu.

— Nimesema kitaalamu.

— Hata kitaalamu usirudie.

Koki alisimama ghafla, macho yakimng'aa. Wenzake walimjua, walijua kitu kinakuja.

— Ndoo, alisema. Ndoo mbili za lita kumi. Moja kulia, moja kushoto, zimefungwa kwenye siti kwa kamba. Maji nusu. Mama anaketi, mguu huu ndani, mguu huu ndani. Joto likija linamkuta yupo ziwani.

— Na viatu? aliuliza Overloki.

— Viatu kwenye kapu.

— Na uzito wa maji, alisema Muhuri, unaifanya pikipiki isiyumbe. Akapiga ngumi ubaoni. Imepita.

Kwa kweli Birika hakujua ilikuwaje. Alichokuja kugundua ni kwamba amechuchumaa kando ya pikipiki inayounguruma, amekumbatia ndoo ya muuza kahawa, anapima kwa kamba umbali wa siti na mpini. Jasho lilimtoka kidevuni. Wenzake walimsimamia juu wakimwelekeza, huyu anasema juu kidogo, huyu anasema hapana, mama mfupi. Hakuna aliyemwona mama aliyeketi mwisho wa ubao na kupokea kikombe cha kahawa.

— Samahanini wanangu, yule mama alipaza sauti. Hiyo pikipiki inakwenda wapi?

— Haiendi popote mama, Koki alimjibu bila kugeuka. Ipo kwenye utafiti.

— Sasa kama haiendi, mmemwashia nani?

Birika aliijua ile sauti. Damu ilimpanda usoni kwa kasi kuliko joto la injini. Aliinuka, ndoo ingali kifuani, akainamisha kichwa.

— Shikamoo mama.

— Marahaba, mwanangu. Basi limewahi, nikasema nipooze koo kwanza. Mke wako hajambo?

— Hajambo. Anakungoja.

— Hiyo ndoo?

— Ni... ni ya huyu bwana.

Muuza kahawa alikuja akachukua ndoo yake. Koki alikuwa anasoma maandishi ya chupa tupu. Overloki alikuwa amelikalia koti lake lililoungua, maji yanamwingia suruali, hasogei. Mama alikunywa funda moja.

— Niulize basi. Siku ile kwenye foleni, tulikaa hatuendi muda gani?

— Kama dakika ishirini, mama.

— Dakika zote hizo injini uliiacha inawaka ya nini?

Muhuri aliinua ngumi. Ikakaa hewani, ikarudi pajani bila kugonga kitu.

— Nikizima, alisema Birika, magari yakiondoka yataniacha.

— Yakiondoka kwenda wapi?

Wote waligeuka kutazama barabara. Lori la mchanga lilikuwa limeziba njia upande mmoja, basi limeziba upande wa pili. Kwenye usukani wa lori hapakuwa na mtu.

— Mimi nipo hapa, alisema bwana mmoja aliyesimama nyuma ya muuza kahawa na kikombe mkononi. Nimezima tangu saa nane.

Hapo Birika angeweza kutunga. Maneno ya kutunga hayakuwa yakimpungukia, na benchi lingemsaidia kwa moyo wote. Lakini mama yule alikuwa anamtazama bila hila, naye akaona afadhali aseme lililopo.

— Wiki ya kwanza ya kazi nilizima katikati ya foleni, mama. Kiki ikagoma. Nikapigiwa honi mpaka abiria wangu akashuka, na mwenye gari jeupe akaniambia niisukume pembeni kama mkokoteni. Tangu siku hiyo sijazima njiani. Niliona aibu, basi.

Hilo hata wenzake hawakuwa wamewahi kulisikia, na miaka yote hiyo walikuwa wanakaa naye ubao mmoja.

— Yaani hiyo aibu yako, mama alisema, ndiyo iliyonibabua mguu?

— Ndiyo mama.

Mdomo wa mama ukamcheza upande mmoja, na kicheko kikamtoka, kikubwa, cha mtu aliyesafiri tangu alfajiri bila kupata cha kuchekea. Koki akafuata, Overloki akafuata akiwa palepale kwenye maji, na Birika akajikuta anacheka kuliko wote. Alinyoosha mkono, akageuza ufunguo. Ukimya ulioingia pale benchini uliwashtua. Muhuri alikuwa bado anaongea kwa sauti ya kuishinda injini, na mtaa mzima ukamsikia akisema kwamba yeye tangu mwanzo alikuwa na mashaka na ndoo.

Walisubiri chuma kipoe. Mama alimaliza kahawa, akaongeza ya pili, akaipanda pikipiki, kapu kwenye mapaja.

Walikwenda mpaka pale mzunguko. Magari yakasimama. Mkono wa kulia wa Birika ulianza kuvuta mafuta wenyewe, kwa mazoea, akauzuia. Akazima. Honi moja ililia nyuma yake, ikakosa mwenzake, ikanyamaza. Alikaa ameshika mpini, anasikiliza kama siti itakuwa nyepesi.

Ikabaki nzito. Mama mkwe alijiweka sawa, akaegemeza goti kwenye ubavu wa pikipiki, akavuta pumzi.

— Sasa kumetulia, alisema. Mpigie mke wako simu. Mwambie anieleze godoro langu liko wapi, nitatandika mwenyewe.