Marehemu Mwalimu Ismaili bin Shabani Hakuwa Mzembe

Marehemu Mwalimu Ismaili bin Shabani alizaliwa Mahurunga tarehe 14 Machi 1926, mtoto wa tatu wa Mzee Shabani bin Issa na Bi Mwajuma. Alisoma Kurani hapo hapo kijijini, kisha shule Mikindani, akahitimu ualimu mwaka 1947.

Alifundisha sayansi Mpapura kwa miaka tisa, bila maabara. Wanafunzi wake walichemsha maji ya bahari mpaka ikabaki chumvi. Walipuliza pumzi kwa bua la jani la mpapai ndani ya maji safi ya chokaa, yakawa meupe kama tui. "Msiniamini mimi," aliwaambia. "Fanyeni wenyewe mwone."

Mwaka 1951 alimwoa Bi Hamisa binti Athumani wa Mikindani. Siku ya harusi alifika na chokaa kwenye kucha. Mashangazi walimsugua kwa limau, naye akawa anawaeleza kwa nini inatoa povu.

Sasa mimi Abdallah, mdogo wake, niseme juu ya kifo chake, maana taarifa ya mkaguzi wa shule inasema alikuwa mzembe. Ni uongo.

Tarehe 6 Agosti 1956 darasa la sita lilikuwa lichanganye siki na magadi. Chupa ilitoka bohari ya vifaa ya idara ya elimu, imeandikwa "Siki", tena bado inanuka siki. Ndani mlikuwa na tindikali ya betri ya gari. Kuna mtu aliimimina humo, wala hakujisumbua kubandua karatasi. Marehemu alikwisha andika barua mbili kulalamikia chupa zinazochanganywa. Hakujibiwa.

Watoto thelathini na mmoja walijipanga kuonja uchachu wake. Yeye alitangulia kuonja, kama desturi yake. "Rudini nyuma!" Hayo ndiyo maneno yake ya mwisho darasani.

Aliugua siku kumi na tisa, koo limeungua, maji hayapiti. Mkaguzi alisimama kando ya kitanda akasema, "Mwalimu hodari haonji kemikali." Kaka hakuweza kujibu kwa mdomo. Aliomba kwa ishara kibao cha kuandikia, akaandika: "Nani aliijaza?" Mkaguzi alivaa kofia yake akatoka.

Alifariki jana, tarehe 25 Agosti.

Ameacha mama yake, mjane, watoto wawili, Halima na Rashidi, ndugu wanne, na darasa zima la sita, wote wazima.

Mwenyezi Mungu ampumzishe. Sisi hatupumziki mpaka taarifa ile ifutwe.